Babu Yangu Alivyoualika Mto Jikoni

Kwenye grupu la familia yetu mimi siitwi Thembo. Naitwa Matope Junia. Shangazi amenisevu hivyo, binamu zangu wamenisevu hivyo, na kuna msichana mmoja wa Kasese niliyekuwa namtongoza vizuri kabisa mpaka binamu yangu akamuonyesha simu yake. Msinionee huruma. Jina lenyewe hata si langu, nimelirithi kama wengine wanavyorithi ng'ombe. Mwenyewe halisi ni babu yangu Stanislas. Alilipata Jumapili moja asubuhi mwaka 1968, akiwa amevaa koti la misa, matope mpaka kiunoni, anauamuru mto urudi ulikotoka.

Ngoja nieleze, maana nikiishia hapo mtadhani ukoo wetu wote tuna kichaa. Siyo wote.

Babu na bibi Kaswera walikimbia vita upande wa Butembo, Kongo, mwaka 1964. Walivuka kuingia Uganda na sufuria mbili, shangazi Emérance akiwa mgongoni, na baiskeli isiyo na tairi ya nyuma. Hapa Bwera mzee mmoja anaitwa Yonasani akawaazima kishamba kando ya kijito, wakalima misimu miwili, halafu akakubali kuwauzia kabisa. Ni kijito tu, bana, ukikimbia kidogo unakiruka. Ng'ambo alikaa Muniru, Mwislamu wa kutoka Masaka, mwenye lori la kupeleka mazao Kasese.

Siku ya kupima, Yonasani akaja na miche ya ule mmea wa majani marefu ambao huku kila mtu anapanda mpakani, kwa sababu haufi hata ukiuchukia. Babu akaikataa.

"Mzee, hii ya nini? Mpaka iko mto. Mungu mwenyewe ndiye alichora."

Wakaandika hivyo kwenye karatasi, mpaka ni mto, wakaweka vidole. Watu wakasema huyu mkimbizi ana imani. Imani gani? Babu alikuwa ameona kwamba kila mvua ikinyesha, kijito kinamega udongo wa Muniru na kuacha mchanga upande wake. Alishaona shamba linanenepa lenyewe huku yeye amelala. Hiyo ndiyo akili ya ukoo wetu: tunawaza mbele, ila siyo mbele sana.

Basi mwishoni mwa 1967 Muniru akambeba kwenye lori mpaka Mubuku, ambako serikali ilikuwa imechimba mifereji ya kumwagilia mashamba. Babu alikaa Mubuku muda wa kubadilisha tairi moja. Alirudi enjinia. Nisimcheke sana, mimi mwenyewe nilitazama video mbili nikaifungua simu ya baba, na mpaka leo iko kwenye mfuko wa nailoni, vipande kumi na saba.

Upande wa babu ukingo wote ulijaa matete marefu kuliko mtu. Akayafyeka yote. Akapanda vitunguu mpaka kwenye maji, halafu pale juu kijito kinapokata kona, akachimba mfereji unaopita katikati ya shamba. Bibi alisimama na jembe lake akimwangalia.

"Papa Emérance, hii matete ilikukosea nini?"

"Inakula nafasi ya bitunguu. Wewe haukufika Mubuku."

"Kule Mubuku mufereji haina mulango ya kufunga maji?"

"Iko nayo."

"Na yako?"

"Nitaweka."

Hakuweka.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha huko milimani siku mbili mfululizo. Jumapili, saa ya kujiandaa kwenda misa, bibi akaenda kuchukua kuni akakuta maji yanapita hatua tano kutoka jikoni. Kijito kilikuwa kimeukuta mfereji uko wazi, kikaona kwa nini nizunguke kona? Kikakata moja kwa moja. Vitunguu vyote, robo tatu ya shamba, vilikuwa ng'ambo.

Babu akaruka ndani na koti lake. Akawa anarundika mawe, mto unayasukuma, anarundika tena, anapiga kelele, "Rudi! Rudi huko!" kama mtu anayefukuza mbuzi. Muniru akatoka nyumbani kwake na kikombe cha chai, akatazama mpaka akamaliza chai.

"Enjinia!" akaita. "Enjinia Matope! Nani amekuletea mto?"

Nusu ya watu waliokuwa njiani kwenda kanisani wakasikia. Kufika sadaka, parokia nzima ilikuwa inajua.

Wakaenda kwa Yonasani na ile karatasi. Babu akajaribu kusema mto ni ule wa zamani. Yonasani akasoma mara mbili, pole pole, akijifurahisha.

"Inasema mto. Haisemi mto ya jana."

"Muniru, ndugu yangu, niko na mutoto," babu akasema, na hapo hakuwa anacheza. Katika nchi ya watu hakuwa na kipande kingine cha ardhi.

Muniru akafikiri. "Mimi sikuita maji. Lakini sitalima pale. Rudisha mto, chukua shamba yako."

Kila mtu alicheka. Babu hakucheka.

Mwaka wa kwanza aliweka mawe, yakaenda. Mwaka wa pili akaweka magogo, yakaenda na ndoo ya bibi. Walikula kwa vibarua vya kuchuma kahawa za watu. Mwaka wa tatu bibi alichoka, akachukua vipande vya matete, akavichomeka mdomoni mwa mfereji, mstari mmoja, bila kumwambia mtu. Mvua ikaja, matete yakainama, maji yakapita juu, ila nyuma yake pakabaki udongo kama kimo cha kiganja. Babu akachuchumaa akaangalia ule udongo mpaka uji ukapoa.

"Mama Emérance, ulifanya nini hapa?"

"Nilirudisha yenye ulifyeka."

Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine, au mto ulimgeuza, sijui. Kila mvua wakaongeza mstari, na udongo ukazidi kuuziba mfereji. Aliyekuwa anaamuru akawa anakwenda alfajiri kutazama tu. Akajua rangi ya maji: mekundu, imenyesha kilima hiki, meusi, imenyesha kule juu zaidi. Watu wakaanza kumuuliza kama wavuke leo au kesho, ingawa waliuliza hivi: "Enjinia Matope, leo mto inasema nini?" Akajibu bila kukasirika. Mimi mtu akiandika vibaya jina langu kwenye komenti nanuna siku tatu.

Mwaka 1974 kijito kilirudi kwenye kona yake. Siyo pale pale. Kilijiwekea kipande cha hatua kumi, na babu hakubishana nacho. Lakini juu ya shamba kilikuwa kimeacha tope jeusi, na vitunguu vya msimu ule vilitoka kama ngumi za bondia. Muniru mwenyewe alileta lori mpaka kwenye matete. Babu akakaa juu ya magunia.

"Enjinia, hii bitunguu ni ya shamba yako ama yangu?" Muniru akauliza, akimuigiza lafudhi yake.

"Uliza mto."

Muniru akawasha lori, wakaenda Kasese.

Haya, mimi nimeshauvua nguo ukoo wetu hadharani. Nyinyi je? Kwenu nani aligombana na mto, kilima, msitu au hata kichuguu, na nani alimshinda mwenzake? Andikeni hapo chini, na mtaje majina ya utani. Siwezi kuchekwa peke yangu.