Kikohozi cha Bawabu wa Lango la Majivu

Saa saba mchana, fundi mitambo anazima feni. Joto linajaa papo hapo. Ndani ya kibanda chenye kuta za magodoro, mwanamke wa miaka arobaini na ushei anavua bangili zisije zikalia, anakunywa funda la maji ya uvuguvugu, kisha anasogelea maikrofoni. Tumbo likinguruma, wanarudia. Kiti kikilia, wanarudia.

"Haya," anasoma, kwa sauti ya mzee. "Fungueni lango, nimekuja."

Fundi mitambo anainua mkono. "Kasuku, umekohoa tena."

"Sijakohoa."

"Sikiliza basi."

Kwenye spika, kabla ya neno "haya", kinasikika kikohozi. Mara mbili, kikavu, cha mtu anayejitambulisha kabla ya kuingia. Mwandishi wa makala haya alikuwa amekaa mbele yake, akimtazama mdomoni. Hakukohoa.

Kasuku ndilo jina alilopewa na wenzake studio, na halimuudhi. Kazi yake ni kusoma vitabu kwa sauti, virekodiwe, watu wavisikilize wakipika, wakiendesha magari au wakiwa hawana tena macho ya kusomea. Halipwi kwa muda anaokaa kibandani bali kwa saa ya sauti iliyokamilika, na saa moja safi inaweza kula siku nzima. "Watu wanadhani ni kusoma tu," anasema. "Hebu waje wasome na mafua, tuone."

Kilichompa umaarufu ni Lango la Majivu, mfululizo wa juzuu saba kuhusu ufalme wa kubuni wenye vita, wachawi na wafalme wasioaminika. Wapenzi wake hujiita wapiga ramli. Huchambua kila ukurasa wakitafuta dalili zilizofichwa, kisha hubishana mitandaoni mpaka urafiki unavunjika: nani mtoto wa nani, nani kafa kweli, nani kajifanya.

Ramli kubwa kuliko zote aliizusha yeye, tena kwa kosa.

Juzuu ya kwanza ina bawabu mzee aliyeungua pamoja na lango lake. Maneno yake ni machache, kwa hiyo Kasuku hakuhangaika kumtafutia sauti. Alimpa ya baba yake mzazi, mzee aliyezoea kukohoa mara mbili kabla ya kuingia popote. Juzuu ya tatu akatokea muuza mishumaa asiye na jina. Kwa kawaida msomaji huhifadhi kipande cha sauti ya kila mhusika na kukisikiliza kwanza, asije akawachanganya. Siku hiyo hakusikiliza.

"Nilifungua mdomo, akatoka baba," anasema. "Wala sikugundua. Waligundua wasikilizaji."

Waligundua, wakapagawa. Bawabu hakufa! Walirudi kwenye kurasa, wakakuta kwamba muuza mishumaa, kama bawabu, kamwe hakai akiupa mlango mgongo. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Mtunzi wa mfululizo, bibi anayeishi mbali na ambaye Kasuku hajawahi kuonana naye, alipiga simu.

"Aliniambia, 'Mwanangu, mimi yule mzee nilishamuua. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba bado anatembea.'"

Tangu hapo mtunzi akawa anaandika huku akisikiliza rekodi. Katika juzuu ya tano, muuza mishumaa akavaa shati lenye kifungo cha pili kilichoshonwa kwa uzi mwekundu.

Hapa Kasuku anajishika kola. "Baba aliondoka na shati hilo. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, mama akashonea mwekundu. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilipoufikia ule mstari nilitoka kibandani, nikakataa kurudi."

Baba yake alitoka nyumbani miaka kumi na mmoja iliyopita kwenda kununua balbu ya korido. Duka liko ng'ambo ya barabara. Mwenye duka alisema hakumwona. Polisi, hospitali, chumba cha maiti, kote walitafuta wakatoka mikono mitupu. Hakuacha hata ujumbe mmoja wa sauti, maana simu alikuwa hazipendi. Sauti yake imebaki kooni mwa bintiye tu.

Nyumbani, korido bado ni giza na soketi ya taa iko wazi. Mama yake, ambaye macho yamemchoka, hukaa karibu na spika ndogo akisikiliza. Amemkataza katakata mtu yeyote asilete balbu.

"Aliyeifuata ataileta," anasema. "Vijana wa mitandaoni wanasema bawabu hakufa. Mimi nasema mzee wangu hakufa. Wao wanaitwa mashabiki, mimi naambiwa nimechanganyikiwa. Haki iko wapi?"

Kila binti anaporudi kutoka kazini, swali ni lile lile: "Baba yako leo kasema nini?"

"Mwanzoni ulikuwa mzaha wetu," anasema Kasuku. "Siku hizi mama hacheki akiuliza. Matumaini hayo nimeyawasha mimi."

Na sasa imefika juzuu ya saba. Studio iliruhusu makala haya kwa sharti yasitoke kabla ya kitabu, nacho kimeshatoka. Wapiga ramli walishinda: muuza mishumaa ndiye bawabu. Anarudi langoni, na safari hii anakufa mbele za watu na kuzikwa.

Msimamizi wa studio alimwambia abadilishe sauti akitaka. "Nikibadilisha, mama atajua nimemficha. Nisipobadilisha, atamsikia mumewe akikata roho kwenye spika, naye mama yuko peke yake nyumbani. Ng'o! Hilo sifanyi."

Jumamosi asubuhi akachukua kurasa hizo nyumbani, akakaa miguuni pa mama yake, akasoma kwa sauti ile ile.

"Haya. Nimechelewa. Msiningoje gizani."

Mama akainamisha kichwa. Alipouliza, hakumuuliza bintiye. "Ulipotelea wapi wewe?"

Kasuku akatazama karatasi. Maneno ya bawabu yalikuwa yamekwisha. Akajibu bila kubadilisha sauti, "Hata mimi sijui, mke wangu."

Mama akalia, akalia sana, kilio ambacho hakuwahi kukilia. Chai ilipokwishapoa akajifuta uso. "Jumatatu ukitoka kazini, pitia dukani. Lete balbu. Mtaniua kwa kujikwaa humu."

Jumatatu, feni inazimwa. Kasuku anasoma kifo cha bawabu mara moja tu. Fundi mitambo anarudisha, anasikiliza, anarudisha tena. Hakuna kikohozi.

"Safi," anasema, na yeye mwenyewe haonekani kufurahi.

"Nimemwomba miaka yote aache kukohoa kwenye kazi yangu," anasema Kasuku, machozi yakimtoka. "Sasa kaacha, na roho inaniuma."

Mfululizo umekwisha, lakini mpango anao. Ameazima maikrofoni ndogo. "Nataka kumrekodi mama. Si hadithi. Anigombeze tu kuhusu chumvi, aite majirani. Safari hii singoji."

Jioni anavuka barabara. Mwenye duka ni yule yule, ameinama anapanga sabuni. Kabla ya kuomba balbu, Kasuku anakohoa mara mbili, kikohozi kikavu, wala haonekani kujua kwamba amekohoa.

Mwenye duka anainuka ghafla, anatazama nyuma ya Kasuku, barabarani.

"Samahani, binti," anasema. "Nilidhani umekuja na mzee."