Nilihesabu "un, deux, trois" hewani, avenue nzima ikasema natuma siri za vita

Wakuu, poleni na mihangaiko. Niko Goma. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na hasira haijanitoka hadi sasa.

Mama yangu ndiye aliyeanzisha kwaya ya kanisa letu. Siku hizi miguu imegoma, yuko kitandani. Kanisa liko nyumba chache tu kutoka kwetu, lakini kinachomfikia ni ngoma peke yake. Jumapili alikuwa analia.

Nikaenda sokoni Birere nikanunua FM transmitter ya gari, kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari ili nyimbo za flash zitokee redioni.

Nikakifungua, nikakipa betri ya pikipiki, nikarefusha antena kwa waya wa shaba juu ya mlingoti. Pasta akaniruhusu kukiunga na mixer ya kanisa.

(Mtakaouliza leseni: mawimbi yenyewe hayavuki uwanja wa mpira.)

Jumapili ya kwanza mama aliimba kitandani, akawakaripia wale wa soprano kama vile yuko pale. Majirani nao wakaanza kusikiliza.

Sasa kosa langu. Katikati ya wiki nilikuwa natafuta mkwaruzo fulani kwenye sauti. Nikashika maikrofoni nikahesabu, un, deux, trois, kama fundi mitambo yeyote hapa kwetu. Nikasogeza antena. Quatre, cinq, six.

Jirani yetu Papa Safari akawasha redio, akakuta mtu anasoma namba tupu. Na mji wenyewe ndio huu, wenye vita! Akakimbia kwa chef d'avenue, mkuu wa mtaa wetu.

Wakaja kundi zima.

"Zile numero ulikuwa unamutumia nani?" chef akauliza.

"Muzee, nilikuwa napima mikro tu. Ni ya mama, asikie kwaya."

"Mutu gani anapima mikro mu radio?"

Jamani, Papa Safari alinikuta kwenye masafa yale yale anayosikilizia kwaya kila Jumapili! Alijua ni mtambo wangu. Akatazama chini. Chef akaokota jiwe la volkano akakiponda kidude. Eti nishukuru sikupelekwa mbali. Nishukuru nini?

Funzo: ukijaribu mtambo mtaani, taja jina lako, imba, soma Zaburi. Usihesabu.

Mama sijamwambia. Jumapili anawasha redio, inatoa mvumo tu.

"Leo bamechelewa kuanza," anasema, halafu anaongeza sauti na kungoja.

Wakuu, mngekuwa mimi mngemwambiaje?