Nilimlimia Mama Mkwe Kahawa kwa Mdomo

Kosa langu limegharimu mistari mitatu ya kahawa iliyokuwa inazaa, madirisha kumi na mawili yaliyokaa pabaya, na sura yangu mbele ya mama mkwe. Nimehesabu mara mbili, jibu ni lile lile. Na kosa ni langu, simtafuti wa kugawana naye!

Mimi ni mtu wa Tunduma. Nanunua vifaa vya ujenzi upande huu na upande ule wa mpaka, nawauzia wanaojenga. Nikinunua soksi, naomba nyongeza ya mguu wa tatu. Sijisifu. Nataka tu ujue unasoma habari za mtu wa namna gani.

Basi kanisa letu kule Mbozi liliamua kujenga nyumba ya tiba shufaa, yaani ya wagonjwa ambao hospitali imeshasema hawatapona, ila wanastahili kupunguziwa maumivu na kukaa kwa amani. Kiwanja kilikuwa na mibuni ya zamani, mistari mitatu. Nikapewa usimamizi mimi, kwa sababu kila mtu alijua sipigwi bei.

Sista muuguzi, ambaye nyumba hiyo ilikuwa wazo lake, akaja na ramani. Nikaitazama, nikacheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Madirisha yanaanzia usawa wa goti! Milango mipana kama ya gereji! Na ile mibuni amezungushia duara, pembeni ameandika: "Isiguswe."

"Sista, dirisha la goti ni la banda la kuku," nikamwambia.

"Lala chini," akanijibu.

"Nini?"

"Lala hapo kwenye majani, kaka. Halafu uniambie dirisha la kawaida unaona nini. Wagonjwa wangu hawalali wamesimama."

Sikulala. Nilikuwa nimevaa suruali ya kitambaa, na suruali ile nilikuwa nimeipata kwa bei nzuri.

Wiki hiyo hiyo nikapata madirisha ya alumini ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Yote kumi na mawili, kwa bei ya saba! Mafupi, ya kukaa juu ukutani. Muuzaji akanishukuru kabla sijamshukuru. "Natotela, boss, natotela sana!" huku ananisaidia kupakia. Muuzaji akikuwahi kwa asante na kupakia akakusaidia, ujue umemwondolea takataka. Ningekuwa mjanja kama ninavyojitangaza, ningeshtuka pale pale.

Nikawaendea wazee wa kamati. Nikawaambia dirisha la chini ni la wezi na mbuzi. Mlango mpana unaingiza baridi. Mibuni inaficha nyoka. Tuing'oe, tumwage pevingi ya zege, mtu anapitisha ufagio mara moja, kazi imeisha. Tena kwa pesa itakayobaki tunapata tanki la maji!

Kamati ikapiga makofi. Sista hakupiga. Alikuwa anakunja ramani yake taratibu, kama anayekunja nguo za marehemu.

Nyumba ikafunguliwa, nikasifiwa, nikavimba. Miezi minne baadaye akaletwa mgonjwa kutoka milima ya Ileje, mama aliyelima kahawa tangu usichana wake. Saratani ilikuwa imeingia uti wa mgongo. Miguu imekataa, analala chali tu, ukimkalisha analia.

Mama mkwe wangu!

Sasa nielewe vizuri. Kwa mila zetu, mwanaume haingii chumba alicholala mama mkwe. Unamsalimia ukiwa nje. Kwa hiyo kila Jumapili nasimama kwenye pevingi yangu, chini ya dirisha langu, napaza sauti kwenda juu kama muuza nyanya.

Jumapili ya kwanza akaniuliza, "Mkwe, huko nje kuna nini? Mimi naona dari na kipande cha wingu."

Nikatazama. Zege. Zege. Tanki.

"Kuna mibuni, mama."

"Eh! Mingi?"

"Mistari mitatu," nikajibu bila kupepesa.

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumapili namlimia shamba kwa mdomo! Nilipalilia. Nilipunguza matawi. Nilimwaga samadi, na ng'ombe aliyeitoa nikamtaja hadi rangi. Mke wangu, anayemuuguza mama yake humo ndani, akawa anatoka na kunitazama macho yamejaa maji.

"Baba watoto, leo mmefika wapi?"

"Tumepiga dawa ya wadudu," namjibu, na aibu imenishika.

Ningeishia hapo ingekuwa uongo wa kawaida. Lakini mama akawa na ombi moja tu. "Mvua za kwanza zikinyesha, kahawa itachanua. Niyaone yale maua, basi. Baada ya hapo sitawasumbua."

Sista akajaribu kumtoa nje na kitanda chake, angalau aone anga zima. Kitanda, kilichoungwa humo humo ndani, kikagoma mlangoni! Kimezidi kwa viganja viwili. Mimi niliyehesabu mabati mara mbili, kitanda sikukipima hata mara moja.

Mvua ikaja. Jumapili iliyopita nikasimama pale, kichwa kimeloa.

"Mkwe, yamechanua?"

"Yamechanua, mama! Meupe! Utadhani mtu amemwaga sukari juu ya miti!"

Halafu nikasikia kicheko kidogo, kinakatwa na maumivu.

"Mkwe, kilichokufa ni miguu. Pua yangu ni nzima. Kahawa ikichanua, harufu inaingia hadi kwenye mashuka. Hapa nasikia simenti iliyoloa. Tangu siku ya kwanza nasikia simenti."

Jamani! Nilikaa chini kwenye maji.

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulikuwa unapalilia vizuri. Nikaona nisikuharibie msimu."

Nikaungama yote, kwa sauti, maana dirisha lenyewe liko juu. Madirisha, mlango, mibuni niliyoing'oa, tanki. Wagonjwa wa vyumba vyote wakasikia. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka chumba cha tatu, "Kumbe ni wewe! Mimi mwezi mzima nadhani wameniweka stoo!"

"Vunja huu ukuta," mama akasema. "Halafu uniletee mibuni ishirini."

Na hapo, naona aibu kuandika, nikausikia mdomo wangu unasema wenyewe, "Mama, kumi na miwili haitoshi?"

Mke wangu akatokea mlangoni ameshika kandambili.

Juzi mafundi wamebomoa chini ya dirisha lake hadi usawa wa goti. Mimi nikaenda chumba kitupu cha pembeni, nikalala kitandani, nikafanya nilichoambiwa na sista tangu mwanzo. Dari ina misumari arobaini na mmoja. Niliihesabu mara mbili, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Nikamfikiria mama, wiki zote hizo, na nikalia kama mtoto!

Wewe unayejenga nyumba ya wagonjwa, kabla hujakata hata mti mmoja, lala chini pale watakapolala. Suruali inafuliwa. Na mtu akikuambia majani ni uchafu, mwulize yeye akiwa anaumwa angependa kutazama nini.

Sasa naomba ushauri, na sina muda wa kujidai. Mama anaona nje, lakini anachokiona ni pevingi iliyovunjwa na udongo mwekundu. Mche wa kahawa unachukua miaka kutoa ua, na sista amenivuta pembeni akaniambia mama ana wiki chache, haifiki miezi. Nimepata mkulima aliye tayari kuniuzia mibuni mikubwa, ishirini kamili, bei aliyotaja yeye. Wengine wananiambia mbuni ukichimbuliwa, maua yanadondoka njiani. Wengine wanasema ukifunga mizizi na udongo wake kwenye gunia bichi, unafika salama.

Nani kati yenu amewahi kuhamisha mbuni mkubwa ukapona? Nichukue yenye maua tayari, au yenye matumba ambayo hayajafunguka? Tafadhali nijibuni wiki hii, si ijayo.