Mkadiria Bei za Matangazo wa Chemchem

Kijana anayekadiria bei za matangazo ya tovuti mpya pale Chemchem, Tabora, hataji bei mara moja. Kwanza hujikuna sikio kwa kifuniko cha kalamu, hutazama dari, kisha humuuliza mteja, "Unataka akusome nani?" Wauza asali wa Ipole hujibu, "Dunia nzima!" Naye hucheka: "Dunia nzima bado haijatufungua, mzee wangu," na bei hushuka.

Asubuhi Mwenyezi Mungu alipomchukua mama, nilimpelekea kijana huyo tanzia. Maziko yalikuwa baada ya swala ya Alasiri, na mjomba Rashidi, ndugu pekee wa mama, alikuwa Bukene, simu yake haipatikani. Nilitaka tangazo liwekwe juu kabisa. Akajikuna sikio, akaniuliza swali lile lile.

"Mjomba wangu, mzee Rashidi, yuko Bukene."

"Dada, Bukene hawajaanza kutusoma. Nikikuuzia nitakuwa nimekudhulumu."

Akampigia shemeji yake mwenye duka karibu na stesheni ya Bukene. "Kimbia msikitini, umuulizie mzee Rashidi. Aje Tabora sasa hivi." Shemeji akauliza ni msiba wa nani. Kijana hakuwa akinijua hata jina.

"Wetu," akasema. "Tumefiwa."