Mtani Alipochukua Mwiko Wangu

Mimi ni mpishi wa shughuli. Si wa hotelini, wa shughuli: harusi, hitima, maulidi. Ukipita Isevya ukasikia pilau inanukia kuanzia barabarani, uliza, utaambiwa ni ya yule mama mkali. Ukali sikatai. Jikoni penye masufuria matano na wanawake kumi wote wanataka kuonja, ukijifanya mpole wageni watakula ukoko.

Niliporudi hospitali na jibu kwamba uvimbe wa titi langu ni saratani, kilichobadilika kwanza hakikuwa mwili wangu. Zilibadilika sauti za watu. Kila aliyeingia uani kwangu aliingia kwa kunyata. Walikaa mkekani, wakanishika mkono, wakasema, "Pole, Mungu mkubwa," kisha wakabaki wakitazama miguu yao. Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina lake. Walisema "hilo tatizo", "hiyo hali". Binti yangu alinikataza hata kuchambua mchele. Kaka yangu alikuja kutoka Ntalikwa na gunia la mahindi, akakaa kwenye kigoda, akalia hadi nikajikuta mimi mgonjwa ndiye ninayembembeleza yeye.

Halafu kukawa na harusi nyumba ya tatu kutoka kwangu, wakamwita mpishi mwingine bila kuniambia. Kwa huruma, eti nipumzike. Nikiwa kitandani nilisikia harufu ya pilau yake, na vitunguu vilikuwa vimeungua. Nililia siku ile, na sitakudanganya, sikulilia titi.

Mtu mmoja tu alikuwa hajatia mguu kwangu: mtani wangu. Ni Mzaramo. Aliletwa Tabora na mume wake aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Mume alifariki, yeye akabaki, anauza vitumbua mbele ya nyumba yake hapo kwenye kona ya mtaa wetu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu kwenda pwani na kupita kwao. Kwa miaka ishirini yule mwanamke hajawahi kunisalimia vizuri. Akiniona asubuhi: "Wewe mpagazi, leo umejitwisha nini?" Nami: "Mvivu wa pwani, hivyo vitumbua umevipika au umevikanyaga?" Hapo ndipo siku yetu inaanza. Sasa siku nne zilikuwa zimepita kimya. Nikajisemea, jamani, hata huyu!

Siku ya tano, baada ya adhuhuri, uani pana wanawake sita nyuso zimewashuka, akaingia ameshika kamba ya kuanikia nguo. Hakusalimia mtu. Akaninyooshea kamba kutoka utosini hadi kisigino pale pale nilipolala mkekani, akafunga fundo.

"Mrefu wa bure," akasema. "Wachimba kaburi watanilaani. Hivi nyinyi Wanyamwezi hamuwezi kufa mkiwa wafupi?"

Mwanamke mmoja alishika mdomo. "Astaghfirullah!"

Mtani hakumtazama hata kidogo. "Haya, niambie mwenyewe, maana mtaa mzima unanong'ona kana kwamba wewe umeiba kuku wa imamu. Unaumwa nini?"

"Kansa," nikasema. "Kansa ya titi."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu. Nilisubiri kitu kibaya kitokee. Hakikutokea.

"Titi lipi?"

"La kushoto."

"Afadhali. La kulia ndilo lenye sura."

Nilicheka. Nilicheka hadi nikashika mbavu, na katikati ya kicheko kikaja kilio, kile cha kutoka tumboni ambacho nilikuwa nimekibana tangu hospitali. Akakaa chini, akanivuta kifuani kwake, akaniacha nilie. Hakusema pole. Kamba ilikuwa bado mkononi mwake.

Nilipotulia akauliza, "Unatibiwa wapi?"

"Wamesema Dar es Salaam."

"Utalala wapi huko?"

Nilimtazama. Siku tano nzima watu walikuwa wamejaa kwangu na hakuna aliyeniuliza nitalala wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijathubutu kujiuliza, kwa kuwa Dar sina ndugu. Mtani akatoa simu kwenye kanga, akampigia dada yake mkubwa aliyeko Mbagala, akaweka sauti ya juu wote wasikie.

"Dada, shikamoo. Kuna Mnyamwezi anakuja kufia kwako."

"Marahaba," ikajibu sauti. "Aje na asali."

Hivyo ndivyo nilivyopata pa kulala. Mtani alifunga biashara yake ya vitumbua, tukapanda treni pamoja na ndoo yangu ya asali. Tulipofika Mbagala, yule dada alitufungulia mlango, akanitazama juu hadi chini, akasema, "Wapagazi wamefika? Tueni mizigo." Nikampa shikamoo yake, akaipokea, na kuanzia hapo nikawa mtu wa nyumba ile. Mtani alirudi Tabora kwenye vitumbua vyake, na nilipokatwa titi ni dada yake aliyeniosha mgongo, akinikemea nisiinue mkono. Nilipoanza dripu za dawa, sita nilizopangiwa, moja kila baada ya wiki tatu, alinipeleka na kukaa na mimi kwenye benchi akisuka ukili. Kama ningeachiwa wale wa kunyata na kunong'ona, sijui ningefika wapi.

Baada ya dripu ya tatu daktari aliniruhusu nikaone nyumbani kabla ya kurudi kwa ya nne. Nilifika Tabora sina nywele, mdomo una vidonda. Hayo ningeyavumilia. Lakini asubuhi moja binti yangu alikaanga kitunguu, harufu ikanifikia, nikatapika mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Nikajaribu tena jioni, nikanusa iliki, nikatapika. Mdalasini, vile vile. Sasa niambie, mpishi anayetapika kwa harufu ya kitunguu ni mpishi gani? Niliona wameniokoa ili nibaki bila mimi mwenyewe.

Nikamwita kaka, nikamwita binti, nikawaambia: sirudi. Dripu zilizobaki sizitaki. Nitakufa nikiwa nyumbani na mdomo usiokuwa na vidonda.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Ugomvi haukuja. Kaka alifuta macho akasema taratibu, "Tusimlazimishe. Ameteseka sana dada yetu." Binti akaitikia kwa kichwa huku machozi yanamtiririka. Waliniheshimu, na ndipo nilipoogopa. Nilielewa kwamba wameshaniaga.

Mtani alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake ya vitumbua, amesikia yote. Akaweka sahani chini. Akaingia jikoni kwangu, akatoka na mwiko wangu begani.

Huo mwiko si wa dukani. Ni wa mninga, unanifika begani, ulikuwa wa mama yangu na yeye ndiye aliyeuunguza upande mmoja kwenye hitima ya babu. Hakuna pilau yangu iliyowahi kugeuzwa kwa kitu kingine. Na kwetu mtani ana haki yake: kwenye msiba, akichukua kitu cha marehemu, wafiwa hawamnyang'anyi wala hawamkasirikii. Wanakikomboa kwa kuku, kwa chochote atakachotaka yeye. Lakini huo ni msiba. Mimi nilikuwa nimekaa pale, ninapumua!

"Marehemu hapiki," alisema akinipita. "Nimechukua changu mapema kabla hamjaanza kugombania."

Kaka hakunyanyuka. Kwa desturi hawezi kumgusa. Mimi damu ilinipanda kichwani. Nilinyanyuka, mimi ambaye asubuhi ile nilishikwa mkono kwenda chooni, nikatoka nje mbio. Kilemba kilidondoka mlangoni. Sikukiokota.

"Rudisha mwiko wa mama yangu! Mwizi mkubwa wee!"

Akageuka katikati ya barabara. "Njooni muone!" akapiga kelele. "Maiti inakimbia!"

Watu walitoka. Mtaa mzima uliniona na upara wangu, ile siri niliyoificha hata kwa binti yangu, kifua upande mmoja kipo na mwingine hakipo. Sikujali. Nilimtukana matusi yote ya utani niliyoyajua na mengine nikayatunga pale pale. Akanisubiri nimalize. Kisha akanisogelea karibu, akashusha sauti isikike na mimi tu.

"Kuku sitaki. Dripu tatu. Ukizimaliza njoo uchukue. Usipozimaliza naupasua, naukaangia vitumbua."

Macho yake hayakuwa na utani ndani yake.

Nilirudi Dar kwa hasira. Watu wengine hupenda kusema walipata matumaini; mimi nilipata hasira, na ilinitosha. Kwenye treni nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia siku ya kuchukua mwiko wangu. Tunapita Dodoma ninayo machache. Tulipofika Morogoro ninayo ya kutosha. Kila nikitoka hospitali yule dada wa Mbagala aliniuliza, "Mzigo umefika wapi?" Nikajibu, "Wa nne." Nikajibu, "Wa tano." Siku niliyojibu, "Wa sita, nimeutua," alininunulia dafu, tukalinywa kwa zamu.

Nilirudi Isevya nikaenda moja kwa moja kwa mtani, kuku mkononi hata kama hakumtaka. Alikuwa peke yake ndani. Aliniangalia muda mrefu, akainama, akavuta kitu kutoka chini ya kitanda, akakilaza miguuni pangu.

Mwiko ulikuwa umeviringishwa bafta nyeupe, mpya. Nimepika kwenye misiba mingi mno nisiijue bafta ya sanda. Ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, na kwenye kamba palikuwa na fundo.

"Nilinunua siku ile uliposema hurudi," akasema. "Niliipimia kwa hiyo kamba. Urefu wako." Aligusa fundo kwa kidole. "Nilijua nitakuosha mimi. Ningekuachia nani akuoshe, hao wanaonong'ona?"

Akajifunika uso kwa kanga, akalia. Miaka ishirini, hata kwenye msiba wa mume wake, sikuwahi kumwona akilia. Maneno yote niliyoyapanga kutoka Dodoma hadi Morogoro yalinitoka kichwani. Nilikaa naye chini, nikamvuta kifuani, upande ule uliobaki, nikamwacha alie. Kuku alijiachia akaanza kuzunguka chumbani na hakuna aliyemshika.

Bafta tuliikata vipande. Ndiyo ninayofunikia masufuria ya wali nikipalia makaa juu. Harufu ya kitunguu ilirudi polepole, kwanza kibichi, kisha cha kukaanga, na sasa napika tena, ingawa sufuria kubwa wananiinulia wengine. Nyumba ile ya tatu kutoka kwangu wamemwoza binti wa pili na safari hii walinijia mwezi mzima kabla.

Nilipokwenda kuangaliwa mara ya mwisho, daktari aligusa kwapani, akagusa tena, akasema nirudi mapema, wanataka kupima kitu. Nimepanga kuondoka na treni ya kesho. Binti yangu ameanza tena kunyata.

Leo asubuhi niliutoa mwiko kwenye msumari, nikaupangusa, nikauweka begani, nikatembea nao mpaka kwenye kona. Mtani alikuwa anageuza vitumbua. Nikaunyoosha mbele yake. Alifuta mikono kwa kanga, akaupokea.

"Safari hii unakombolewa kwa kitu gani?" nikamuuliza.

Aliushika kwa mikono miwili.

"Uje uuchukue mwenyewe," akasema. "Usimtume mtu."