Melkiori Bado Yupo Mtandaoni

"Panya akigusa waya kule Kintinku, mimi nitajua nikiwa Singida mjini, na chai yangu haitakuwa imepoa." Hayo aliyasema Redempta Njiku kwenye mkutano mkuu wa umoja wa wakulima wa alizeti, uliofanyika Ihanja. Wanachama walikuwa wameshakula pilau, kwa hiyo walikuwa tayari kuamini chochote. Mzee mmoja tu aliuliza kama mtandao huo utawafukuza na hao panya wenyewe. Akaambiwa swali lake litajibiwa baadaye, yaani halitajibiwa.

Redempta hakuwa mwongo. Alikuwa mtoto wa hapo hapo Ihanja, aliyekwenda kusoma Dodoma akarudi na kompyuta mgongoni na tabia ya kuanza kila sentensi na "kimsingi", hata akiagiza ugali. Lakini kazi aliijua. Umoja ulikuwa na ofisi Singida mjini, Ihanja, Manyoni na Kintinku, na kila ofisi ilikuwa na mtandao wake, kama wake wenza wasiosalimiana. Ukitaka kurekebisha kitu kimoja unapanda basi, unachomoa nyaya, unachomeka nyingine, unarudi na vumbi hadi kwenye meno.

Yeye akachora mtandao mmoja wenye akili moja. Kompyuta kuu ikae mjini, sheria ziandikwe pale mara moja, zishuke zenyewe hadi kwenye swichi na antena za kila ofisi. Na kilichomvimbisha kichwa zaidi ni hiki: mtandao wake haukujali mtu amekaa kiti gani wala amechomeka kwenye tundu lipi. Uliuliza wewe ni nani. Mhasibu wa Manyoni akienda Kintinku, ruhusa zake zinamfuata kama kivuli. Kwa hiyo kila ofisi ilimtumia majina ya watu wake na vifaa vyao, naye akayagawa kwenye makundi: wahasibu, watu wa ghala, wageni. Kila jina likapata nukta ya kijani kwenye ramani ya skrini yake, ikionyesha kifaa cha mtu huyo kimeshika antena ipi.

Nukta ya Melkiori aliigundua wiki ile ile ambayo bodi ilikuwa inakuja kukagua. Bodi ikiridhika, angepewa na ofisi za Iramba na Mkalama. Ikikuta kasoro, mkoa mzima ungemkumbusha habari za panya.

Ilikuwa mchana, saa ya chakula. Kintinku wote walikuwa wamekwenda kwa mama ntilie, nukta zao zimezimika. Moja ilibaki. Ikatoka antena ya ofisini, ikaenda ya kwenye mizani, ikaenda ya ghalani, ikarudi ofisini. Taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu. Kesho yake ikafanya vile vile, kwa mpangilio ule ule.

Redempta alifurahi. Akampigia mkuu wa ofisi ya Kintinku, Mama Stumai, kumsifia mtumishi wake: huyu Melkiori wenu hata chakula hali, anazunguka tu. Mama Stumai akamweleza, bila haraka, kwamba Melkiori alikuwa mtunza ghala wao, na walimzika kabla ya mvua.

Akapanda gari. Ukiteremka mlima wa Saranda joto linakupokea kama mtu anayekudai, lakini siku hiyo hata upepo ulikuwa umesimama. Alimkuta Mama Stumai mlangoni, akampa shikamoo yake, akaongozwa ndani. Karibu na dirisha palikuwa na kiti cha Melkiori, kilichotandikwa kanga. Wafanyakazi walipita kwa kukizunguka, hata mwenye mzigo kichwani. Mbele yake meza, kwenye meza droo yenye kufuli, na nyuma ya droo waya wa chaji ukiingia ndani.

Simu yake imo humo, Mama Stumai akasema. Ufunguo anao Laurian, mdogo wake marehemu.

"Sasa mama, mnachajije simu ya marehemu?"

"Watu wa mbali bado wanapiga, mwanangu. Mtu akute imezimwa na tanga la msiba halijavunjwa, si ni kama tumemfungia mlango?"

"Na jina lake mkaniletea."

"Uliomba majina ya watu wa ofisi. Mpaka tanga livunjwe, yeye ni mtu wa ofisi. Tungemrukaje?"

Redempta akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata pa kushika. Akaeleza kwamba simu ikikaa katikati ya antena mbili huyumba, mara inashika hii, mara ile. Haina maana kwamba inatembea. Mama Stumai alisikiliza kwa heshima zote, kisha akaomba aonyeshwe kwenye kompyuta inavyoyumba. Akatazama nukta ikipita mizani, ghala, ofisi. Ghala lilikuwa ng'ambo ya uwanja, nyuma ya kuta mbili za tofali.

"Ndivyo alivyokuwa akizunguka," akasema. "Mizani kwanza. Vijana hakuwaamini na ile mizani." Akafuta jasho shingoni. "Usimtoe."

"Kimsingi, mama, mtandao hauna kundi la marehemu."

"Basi mtengenezee."

Redempta alirudi mjini akijicheka mwenyewe, ila redio ya gari aliifungulia sauti hadi mwisho. Kesho yake, ikiwa imebaki siku moja bodi ifike, alimfuta Melkiori. Kubonyeza mara moja tu, jina likatoka ofisi zote. Huo ndio uzuri wa akili moja.

Kabla hajainua kikombe simu ikalia. Mizani ya Kintinku ilikuwa imezimika, na wakulima wamejaa getini na magunia yao. Redempta alijua sababu, wala haikuwa ya kutisha: mizani iliandikishwa mtandaoni kwa jina la mtunza ghala, na ukifuta jina, kilicho chini yake kinafungwa. Akaiandikisha kwa jina la Mama Stumai. Mizani ikakataa. Akaweka jina lake mwenyewe, mwenye ruhusa zote. Ikakataa. Alipitia kila sheria aliyoiandika na hakuona kosa. Mwishowe akamrudisha Melkiori, na kule Kintinku wakamwambia imewaka.

Akatafuta nukta kwenye ramani. Haikuwepo Kintinku. Ilikuwa Singida mjini, kwenye antena ya ngazi za jengo lake. Ikahama, ikawa ya ukumbini. Ikahama tena, taratibu, ikasimama kwenye antena iliyo darini juu ya kiti chake.

Redempta hakuinua macho. Alimpigia Mama Stumai, akamwomba achungulie ile droo.

"Kufuli lipo," Mama Stumai akasema. "Simu imo, naona mwanga wake kwenye ufa. Kwani kuna nini?"

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi na ukumbi ulikuwa mtupu. Nukta ilikuwa imetulia, kama mtu aliyefika alikokuwa anakwenda.

"Mama, tanga linavunjwa lini?"

Akaambiwa ukoo uko tayari, Laurian yuko tayari, padri ameshaongeleshwa. Wanasubiri kondoo wa kuchinja siku hiyo, na kwa mavuno ya mwaka huu pesa ya kumnunua haijapatikana. Likishavunjwa, jina atalitoa Laurian kwa mkono wake, wala hakuna atakayelalamika.

Redempta akamwandikia mwenyekiti wa bodi kwamba mtandao haujakamilika, wakaguzi wasije kesho, na kama ofisi za Iramba na Mkalama wanampa mwingine, sawa. Alipomaliza akaichukua tena simu, akauliza habari za mnada.

Kondoo dume, mnadani Manyoni, ni shilingi laki moja na elfu thelathini.