Siku Tatu za Kocha, Siku Sita za Winchi

Wodini walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mfupi, mpana wa mabega. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwainua watu wasioweza kujiinua: kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kutoka kwenye kiti hadi bafuni, kisha kuwarudisha. Kwa zamu moja aliinua watu ishirini, wakati mwingine thelathini. Manesi wapya walipopata mgonjwa mwenye mwili mkubwa hawakuhangaika. Walisema tu, "Mwite Winchi."

Alikuwa na mwaka wa pili akinyanyua vyuma, na wala si kwa ajili ya kupunguza tumbo. Alipenda mashindano ya nguvu, yale ya michezo mitatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kukisukuma kutoka kifuani ukiwa umelala kwenye benchi, na kukivuta kutoka sakafuni mpaka usimame wima. Huo wa mwisho ndio uliokuwa wake hasa. Mumewe, fundi viatu, alimpunguzia soli nene za raba zake kuukuu ili akanyage sakafu barabara, na aliwaambia wateja wake bila haya kwamba nyumbani kwake mwenye misuli si yeye.

Kocha wake alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache aliyefungua jimu kwenye karakana yake ya zamani. Alimpangia siku tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Kila alichonyanyua kiliandikwa kwenye daftari.

Mwaka uliotangulia Winchi alishindwa na mwanamke mwenzake, mwalimu wa hesabu, kwa kilo mbili na nusu. Kilo hizo zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki nane kabla ya mashindano mengine, akawa anafuatilia video za mwalimu kwenye simu: leo anachuchumaa, kesho yuko kwenye benchi, keshokutwa anavuta.

"Kocha, siku tatu hazitoshi," alisema.

"Zinatosha."

"Mwenzangu anafanya karibu kila siku."

"Mwenzako sijui kazi yake ni nzito kiasi gani. Yako naijua."

Kocha akageuka kupanga sahani za chuma za kuongezea uzito. Kwake yeye mazungumzo yalikuwa yameisha.

Kwa Winchi hayakuisha. Jirani na hospitali palikuwa na jimu nyingine iliyofunguliwa alfajiri. Akajiandikisha. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alikuwa huko kabla ya zamu, akivuta na kuchuchumaa peke yake. Kocha hakuambiwa. Mumewe aliambiwa zamu sasa zinaanza mapema.

Wiki mbili za mwanzo kilo zilipanda, naye akajiona mjanja. Wiki ya nne mambo yakaanza kugeuka. Alilala kama gogo na kuamka kama mtu ambaye hajalala. Vidole vilikuwa vigumu asubuhi, kikombe cha chai akakishika kwa mikono miwili. Mumewe alimtazama juu ya miwani yake ya kazi.

"Mama, ngozi nikiivuta kwenye kalibu ya kiatu na kuiacha, inakaa. Nikiivuta kila saa, inachanika."

"Mimi si kiatu, baba watoto."

"Ndiyo. Kiatu ningeweza kukitia kiraka."

Akachukua begi lake. Alikuwa anachelewa, na ilikuwa Alhamisi.

Jumatano iliyofuata, kwenye jimu ya Kocha, alijitwika kilo mia moja. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amechuchumaa nazo mara tano. Safari hii alishuka mara ya kwanza, akasukuma, akapanda nusu, akagota. Kocha alikuwa nyuma yake, mikono tayari, lakini alichelewa kidogo. Chuma kikaanguka juu ya mihimili ya usalama kwa kishindo kilichowafanya wote mle ndani wageuke.

"Unalala?" Kocha aliuliza.

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

"Kuna jambo hujaniambia?"

"Hakuna."

Kocha alilifungua daftari, akalitazama kwa muda mrefu, akapunguza kilo ishirini kwenye mpango wa wiki nzima. Winchi aliona ametukanwa. Ili kufidia, akaongeza na Jumapili.

Jumatatu asubuhi wodini, yeye na sista wa zamu walikuwa wanamhamisha mzee mmoja mrefu, mwenye mwili uliopooza upande wa kushoto. Ilikuwa kazi ya kila siku. Sista alishika kiti, Winchi akapitisha mikono chini ya makwapa ya mzee, akahesabu, "Moja, mbili, tatu," akainua.

Katikati ya kitanda na kiti, mgongo wake ukakaza kama kamba iliyofungwa fundo. Vidole vikafunguka. Hakuviamuru, vilifunguka vyenyewe. Mzee akaanza kuteleza.

Winchi alichomeka goti lake chini ya paja la mzee, akamkumbatia kwa viwiko, kichwa chake kikiwa kifuani mwa mgonjwa. Sista aliruka na kudaka shati la hospitali shingoni. Kitambaa kikatoa sauti ya kuchanika. Winchi alitaka kuita msaada, pumzi ikakataa. Jasho lilimwingia machoni. Aliusikia moyo wa mzee ukienda mbio sikioni mwake, na hakujua atashikilia kwa muda gani: sekunde kumi? ishirini? Sista alikuwa anaita kwa niaba ya wote. Viatu vikasikika kwenye korido, polepole mno, kisha mikono miwili mingine ikafika na mzee akaketishwa.

Hakuumia. Alivuta pumzi, akarekebisha shati lililochanika, akasema kwa ulimi wake mzito, "Binti, niliambiwa wewe ndiye winchi."

Sista alicheka kwa woga. Winchi alitoka, akaingia stoo ya mashuka, akakaa sakafuni na kulia bila sauti.

Mchana huo sista alimwita mezani. Hakumfokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nataka ukweli kabla sijaandika ripoti. Una ugonjwa?"

"Sina. Nimejichosha mwenyewe."

Akaeleza yote. Sista akaandika, akamwondoa kwenye kuinua wagonjwa kwa wiki mbili, akampeleka kukunja mashuka.

Jioni alikwenda kwa Kocha akiwa na nguo zake za kazi. Alisimulia akiwa amesimama. Kocha alimsikiliza hadi mwisho, akafunga boksi la spana.

"Nimekupangia mizigo wiki sita kwa kutazama daftari la uongo," alisema. "Ungevunjika mgongo mikononi mwangu, na mimi nisingejua kwa nini."

"Nisamehe, Kocha."

"Hesabu nami. Watu ishirini na tano kwa zamu, siku tano. Hayo ni mazoezi, sema hayana medali. Siku zangu tatu niliziweka juu ya hizo. Nguvu haziingii ukiwa umeshika chuma. Zinaingia ukishakiweka chini, ukala, ukalala. Wewe ulikuwa huweki chini."

"Sasa nifanye nini? Zimebaki wiki mbili."

"Siku tisa usiguse kitu. Kisha siku mbili nyepesi. Kisha tunakwenda."

Siku tisa zile zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Kila asubuhi alijiona anayeyuka. Alijibana misuli ya mapaja kupima kama bado ipo. Siku ya tano alifika mpaka mlangoni pa ile jimu ya alfajiri, akasimama na begi begani, akasikia vyuma vikigongana ndani. Akageuka, akaenda kukunja mashuka.

Siku ya mashindano alichuchumaa vizuri, benchi ikaenda wastani. Kwenye kuvuta alianza na kilo mia na ishirini na tano, zikapanda. Mia na thelathini na tano, zikapanda. Kwa jaribio la tatu Kocha aliandikisha mia na arobaini, uzito ambao hakuwa amewahi kuuvuta.

Chuma kilikwama juu kidogo ya magoti. Lakini vidole havikufunguka, na mgongo ulikaa ulivyokaa. Kikapanda kwa kadiri ya kidole, tena kidole, mpaka akasimama. Taa za waamuzi watatu zikawaka: mbili nyeupe za kukubali, moja nyekundu ya kukataa. Mbili zinatosha.

Mwalimu wa hesabu alivuta mia na arobaini na tano, akashinda tena.

Baadaye, wakifungua mikanda pembeni, mwalimu alimuuliza, "Dada, unafanya mazoezi siku ngapi kwa wiki?"

"Tatu."

"Tatu tu? Mimi nne. Mwaka jana nilijaribu sita, bega likanilaza miezi miwili. Zile video zote ninazoweka mtandaoni nilizipiga kabla ya bega kuumia."

Winchi alimtazama, asijue acheke au amkabe. Akacheka.

Alipomfuata Kocha kuuliza kuhusu Jumatatu, Kocha alikuwa anabeba boksi la sahani za chuma kwenda kwenye gari. Alimjibu bila kusimama kwamba wiki nzima ijayo hataki kumwona jimu, wala kwenye ile ya jirani na hospitali.

"Nilishajitoa kule," Winchi alisema, akashika upande wa pili wa boksi.

"Weka chini," Kocha akasema. "Hilo nabeba mimi."